Mama Yake Maria Alikuwa Wapi?

Ijumaa, 1 Novemba 1985

Pasta Phineas ametuagiza sisi walimu wa sande skuli tuandike kila tunachowafundisha watoto kuanzia leo hadi Krismasi, kisha tumpelekee mwezi wa kwanza asome. Anasema watoto wa Eldoret wamesahau Krismasi ni ya nani. Nilimwambia hawajasahau, hawajawahi kuambiwa. Alicheka, lakini agizo likabaki pale pale.

Sikununua daftari. Meneja wetu wa depo ya mahindi amenipa shajara ya mwaka jana iliyobaki kabatini, nyeusi, ina tangazo la mbolea kwenye jalada. Siku za wiki hazilingani na za mwaka huu, kwa hiyo kila ukurasa nitakata jina la siku niandike lingine juu yake.

Kwa kuwa kitabu kitasomwa, nijitambulishe, ingawa Pasta ananijua. Mimi ni Perez Aloo, mpimaji wa mahindi. Magunia yakishushwa nayachoma kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, punje zinateremka kiganjani, naitia moja mdomoni. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Jino likizama, gunia linarudi kwa mwenyewe. Mashine ya kupima unyevu ipo, lakini haijawahi kunipinga. Mume wangu, Jacktone Ondiek, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Timboroa na huja nyumbani Langas kila Jumamosi ya pili. Watu wa hapa huniita Mama Maximilla.

Jumapili, 3 Novemba

Watoto thelathini na mmoja. Niliuliza swali moja tu: Krismasi ni nini? Nayaandika majibu kama yalivyotoka. Nguo mpya. Chapati. Soda. Kupanda basi kwenda nyumbani. Kuku. Siku baba analewa na hakuna mtu anamuuliza. Wakati Mahamud anawasha taa za rangi dukani.

Hakuna aliyemtaja Yesu mpaka nilipokunja uso. Hapo wote thelathini na mmoja wakamtaja kwa pamoja.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Wakati wa mavuno, na mvua!

Jumatano, 6 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nimerudisha matrekta manne. Mzee mmoja wa Sugoi alileta magunia yake mara ya tatu, nikauma punje, jino likazama. Akaniambia, "Wewe mama, mvua si mimi nimeleta." Nikamjibu kwamba wala si mimi. Akafunga turubai lake polepole na kuondoka.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeanza kuwafundisha kuhusu zizi. Niliwaeleza kwamba Yesu alizaliwa bila nguo mpya, akafungwa vitambaa. Mtoto mmoja akauliza kama vitambaa vile vilikuwa vipya.

Baada ya ibada Mama Bethwel, mwenyekiti wa akina mama, alinisimamisha mlangoni. "Mama Maximilla, habari ya nyumbani?" Nikasema nzuri. Akasubiri. Nami nikasubiri. Mwanamke huyu ana macho ya kupekua, na umbeya wote wa kanisa hili huanzia kwake. Nikafungua mwavuli nikaenda zangu.

Pasta anaijua habari hii kwa hiyo naiandika mara moja, nisirudi tena. Maximilla ni mtoto wangu wa kwanza, ana miaka ishirini na mmoja, na alikuwa msaidizi wangu wa sande skuli. Mwezi wa nane aliniambia ana mimba ya miezi mitano. Baba wa mtoto hakumtaja na hadi leo hajamtaja. Kabla mtu yeyote hajanong'ona, nilisimama mbele ya kamati mimi mwenyewe nikaomba atengwe na meza ya Bwana na aondolewe ualimu. Pasta aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nyumbani nilimwambia asirudi mpaka alete jina la mwanamume. Akachukua sanduku lake na vyeti vyake vya ushonaji. Sasa anakaa chumba cha nyuma cha duka la Mahamud, anashonea duka lile kwa cherehani ya mke wake, Sahra. Tangu siku hiyo hatujasemezana.

Basi. Imekwisha andikwa.

Jumamosi, 16 Novemba

Jacktone amekuja na harufu ya msonobari. Nilimwomba anitengenezee hori la igizo letu la Krismasi, hori la kulishia ng'ombe, mbao za kutupwa zatosha. Akauliza vipimo. Nikamwambia mtoto mwenyewe ni gunzi la mahindi lililofungwa leso, asijisumbue. Akachukua penseli akauliza tena vipimo.

Jina la Maximilla hatulitaji. Tumekaa miezi mitatu hivi, tunazungumza kuhusu mabati.

Jumapili, 17 Novemba

Leo ndilo somo bora nililofundisha mwaka huu, na nalisema bila aibu.

Niliwauliza: "Mtoto akizaliwa kwa jirani, watu wanafanya nini?"

"Wanaenda kumwona!"

"Mikono mitupu?"

"Aaai!" Kanisa zima lilitikisika. Hata wadogo wa miaka mitano wanajua huwezi kwenda kuona mtoto mikono mitupu.

"Wanabeba nini?"

"Sabuni." "Sukari." "Unga ya wimbi ya uji." Jepchirchir, ambaye ana miaka minane na hukaa mbele kabisa kwa sababu hakuna mwalimu anayemwamini nyuma, akasema kwao wanabeba mursik, maziwa ya kugandisha, kwenye kibuyu, na mama aliyezaa ndiye anakunywa kwanza.

"Basi hiyo ndiyo Krismasi," nikawaambia. "Mtoto amezaliwa, watu wamekuja kumwona. Si siku ya nyinyi kupewa. Ni siku ya nyinyi kubeba."

Mikono ikatulia mapajani. Mimi hujua mtoto akiwa amesikia, kwa sababu huacha kujikuna. Nimeamua mamajusi wetu hawatabeba dhahabu ya karatasi. Watabeba sabuni, sukari na unga, kila mtoto kidogo kutoka kwao, si cha kununuliwa. Tutaweka kikapu chumba cha nyuma ya madhabahu, na siku ya igizo vyote vitawekwa mbele ya hori.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua. Magunia yameanza kuota kwenye foleni.

Jumamosi, 23 Novemba

Mazoezi yalikuwa saa nne. Walikuja watoto kumi na wawili. Wengine wako wapi? "Wameenda kupimwa nguo ya Krismasi, Mwalimu." Wapi? Wakatazamana. "Kwa Mahamud."

Nilifunga mazoezi nikashuka mjini. Mahamud alikuwa kaunta, na taa zake za rangi zinawaka mchana kweupe. Ni mtu mpole, amekuwa hapa tangu nikiwa msichana, na kofia yake ni ile ile. Nikamwambia watoto wangu wa sande skuli wanaacha neno la Mungu kuja kupimwa magauni.

"Mama Maximilla," akasema, "mimi sikuita mtoto hata moja. Krismasi iko yenu. Mimi nauza kitambaa tu."

Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa inakimbia. Niliposema neno la pili ilisimama. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha hakuna kitu. Mahamud akatazama pazia, akanitazama. "Chai iko," akasema. "Sahra ametengeneza saa hii."

Nilisema nina haraka. Barabarani nilijikuta nimesimama karibu na duka la vyuma, nasikiliza kama cherehani itaanza tena. Ilichukua muda. Kisha ikaanza.

Kwa hiyo magauni ninayohubiri dhidi yake yanashonwa na mtoto wangu. Pasta, sijui hili nalo ni somo la nani.

Jumapili, 24 Novemba

Kikapu kina vipande vitatu vya sabuni, sukari nusu kopo, na pakiti moja ya maziwa ya shule yenye pembe tatu, ambayo mtoto fulani ameificha tangu shule zifungwe. Imefura. Nimeitoa.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua imepungua. Kikapu kimejaa nusu. Nimeridhika na watoto hawa kuliko nilivyotarajia, na sipendi kuridhika mapema.

Alhamisi, 5 Desemba

Jua siku nzima. Mzee wa Sugoi amerudi. Punje ilikatika kwa mlio. Nilimpigia muhuri, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kana kwamba mimi ndiye niliyeyakausha.

Jumapili, 8 Desemba

Tulikuwa tunapanga igizo. Maria ni Awuor, msichana mtulivu ambaye baba yake hubeba magunia kwetu depo. Nilimchagua kwa sababu Krismasi ya mwaka jana hakuja kanisani. Hakuwa na nguo mpya, akajifungia ndani siku nzima. Walikuwa kumi na mmoja waliojificha hivyo mwaka jana, nina orodha yao. Yusufu yupo. Wachungaji wapo. Mwenye nyumba ya wageni yupo na anafurahia kufukuza watu kupita kiasi.

Jepchirchir akainua mkono. "Mwalimu, na mama yake Maria?"

"Mama yake amefanya nini?"

"Nani anakuwa yeye?"

Nikamwambia hayumo kwenye hadithi.

"Hayumo aje?" Alinitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Maria alikuwa anazaa mtoto wa kwanza. Dada yangu akizaa wa kwanza mama alienda akakaa mwezi mzima. Mama yake Maria alikuwa wapi?"

Watoto wote wakageuka kwangu. Nilisema Bethlehemu ilikuwa mbali na Nazareti.

"Wachungaji hata hawamjui na walikuja," akasema mwingine.

"Na wale wa nyota walitoka mbali kabisa," akasema Awuor, kwa sauti yake ndogo.

Nilisema jibu tutalitafuta siku nyingine, sasa tuimbe. Waliimba, lakini vibaya.

Nyumbani nimefungua Mathayo, nimefungua Luka. Nimesoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa nikasoma tena. Hayupo. Malaika wameandikwa, ng'ombe hawajaandikwa lakini sote tunawaweka, na mama yake Maria hakuna aliyemwandika wala kumweka. Miaka kumi na minne nafundisha habari hii na sijawahi kumtafuta.

Jumatatu, 9 Desemba

Jua. Kazi nyingi.

Jumanne, 10 Desemba

Labda alisikia habari ya mimba akakasirika. Mtu anaweza kukasirika. Alikuwa na jina lake kule Nazareti.

Alhamisi, 12 Desemba

Jamhuri. Watoto walipelekwa uwanjani kuimba na kusikiliza hotuba. Tulifunga depo tukaenda pia, maana majina ya waliokuja huandikwa. Nilikaa nyuma ya Mama Bethwel. Aligeuka mara tatu kama anayetaka kusema kitu. Mara ya tatu nikamtazama vile ninavyomtazama mwenye mahindi mabichi, akageuka mbele.

Jumamosi, 14 Desemba

Jacktone ameleta hori.

Sijawahi kuona hori la namna hii. Mbao zimepigwa randa mpaka zinang'aa, pembe zimelainishwa, hakuna msumari unaojitokeza, na chini lina miguu iliyopinda kiasi kwamba ukilisukuma linabembea. Nikamwuliza tangu lini ng'ombe wanabembezwa wakila.

"Mbao zilikuwa zimebaki," akasema.

"Na hizi pembe?"

"Msasa pia ulikuwa umebaki."

Amenioa miaka ishirini na mbili sasa na hajajifunza kudanganya. Nililisukuma kwa mguu nikalitazama likienda na kurudi.

Jumapili, 15 Desemba

Mazoezi mazuri. Jepchirchir hakuuliza tena lile swali, lakini ameweka kigoda kitupu kando ya hori. Nilimwuliza ni cha nani. Akasema ni cha mama yake Maria, akija. Nilikiondoa. Baada ya wimbo kilikuwa kimerudi, na sikuona nani amekirudisha. Nilikiacha.

Jumatano, 18 Desemba

Jua kali. Mahindi ya Moiben, mazuri sana.

Alhamisi, 19 Desemba

Kwenye bomba la maji asubuhi wanawake walinyamaza nilipofika. Wakanipisha nichote kwanza. Hakuna aliyewahi kunipisha bombani.

Jumamosi, 21 Desemba

Nataka kuiandika siku hii kwa utaratibu.

Mazoezi ya mwisho saa nne. Igizo ni kesho, kwa sababu baada ya hapo nusu ya waumini wanapanda basi kwenda Kisumu, Siaya na Busia, na hapa tunabaki wachache. Nilienda chumba cha nyuma kuchukua kikapu. Kilikuwa kitupu. Si kwamba kilikuwa kimepungua. Kilikuwa kitupu kabisa, kimepanguswa.

Nilitoka nacho nikakisimamisha mbele ya watoto. Nikauliza nani ameiba. Nilitumia neno hilo hilo, kuiba, na ndani ya nyumba ya Mungu. Nikaanza kuhubiri. Niliwaambia kwamba wiki saba nimewafundisha kuhusu kutoa, na nyinyi mnafikiria matumbo yenu na nguo zenu tu, mmekula sukari ya mtoto Yesu. Niliongea kwa muda mrefu. Mwenye nyumba ya wageni akaanza kulia.

Jepchirchir akasimama. "Hatukuiba. Tulipeleka."

"Mlipeleka wapi?"

"Kwa mtoto."

"Mtoto gani? Mtoto wenu ni huyu hapa!" Nikaonyesha gunzi lililofungwa leso ndani ya hori la Jacktone.

Akalitazama, akanitazama, na nikaona ananihurumia. "Mwalimu, hiyo ni gunzi."

Nikasikia mabati yakipanuka kwa jua.

"Auntie Maxi amezaa," akasema. "Jumatano. Ni msichana. Tulienda kupimwa nguo, tukaambiwa cherehani leo haishoni. Si wewe ulisema watu waende kumwona, na wasiende mikono mitupu? Tukarudi tukachukua kikapu. Tulienda wote. Sahra alitupatia chai."

"Wote?"

"Wote," wakasema, na mwenye nyumba ya wageni akasema kwa machozi, "Mimi nilibeba sabuni."

Nilikaa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kabla sijakumbuka ni kigoda gani, na nilipokumbuka niliinuka haraka. Nikawaambia mazoezi yamekwisha, waende nyumbani, na kwamba nimekosa kuwaita wezi. Walitoka taratibu. Awuor ndiye aliyekuwa wa mwisho. Akaniambia mtoto ana nywele nyingi.

Jumatano. Siku hiyo nimeandika hapa juu kwamba jua lilikuwa kali na mahindi ya Moiben mazuri sana.

Nina hasira, na sijui niielekeze wapi. Nimewahi kuwa na hasira na Maximilla, hiyo naijua, nimeizoea. Hii nyingine ni juu yangu mwenyewe. Nimeona aibu leo mbele ya watoto wa miaka minane.

Jumapili, 22 Desemba

Igizo. Niliwahesabu watoto kabla hatujaanza, nikilinganisha na ile orodha ya mwaka jana. Wale kumi na mmoja wote walikuwepo. Nilishangaa, maana najua hali ya nyumba zao, na mavuno haya hayajawafikia wabeba magunia.

Awuor alikuwa na gauni lake la siku zote, la bluu, limechakaa mabegani. Lakini mbele lilikuwa na mfuko mpya wa kitambaa cha kijani, umeshonwa vizuri, na kifungo chake. Nikamtazama mwingine, naye ana ukosi mpya kwenye shati kuukuu. Mwingine ana mkanda. Nikamwuliza Awuor ni nini hiki.

"Ni nguo yangu mpya," akasema. "Imeanzia hapa kwa mfuko. Auntie Maxi amesema mwaka ujao itaendelea."

Vipande vya mabaki. Aliwashonea kila mmoja kitu kimoja kipya ili asiwe na sababu ya kujificha. Mimi niliwahubiria wiki saba kwamba nguo si kitu, na hakuna hubiri langu hata moja lililomtoa mtoto chini ya kitanda.

Mamajusi walifika mbele ya hori mikono mitupu, kwa sababu vitu vilikwisha kufika vilikokuwa vinakwenda. Waliinama hivyo hivyo. Watu wazima hawakucheka wala kuulizana, na nilidhani hawajaona. Kigoda kilikuwa pale, kitupu, na kila mtu kanisani alikitazama isipokuwa mimi.

Tulipotoka hori halikuwepo tena. Wala Jacktone, aliyekuja jana kwa likizo ya Krismasi.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimeenda kwa Mama Bethwel. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilitaka kumwambia kabla hajaniambia, kama nilivyofanya mwezi wa nane, kwamba binti yangu amezaa na kanisa likitaka kusema liseme.

Alikuwa anapakia mizigo ya safari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama Maximilla, najua. Mimi ndiye nilimshika mkono akizaa."

Nikamwuliza ilikuwaje.

"Sahra alinitumia mtu alfajiri. Mkunga alikuja, nami nilikuwa hapo. Nimempikia uji siku tatu. Na wengine wameenda, karibu wote. Pasta alienda juzi akaomba nao. Baba Maximilla alikuwa anapita kila akitoka Timboroa, tangu mwezi wa tisa."

"Na hakuna mtu aliniambia?"

Akaweka chini kile alichokuwa amekishika. "Nani angekuambia? Sisi tunakuogopa. Ulisimama mbele ya kamati ukasema mtoto wako atengwe, na hakuna mtu alikuwa ameomba. Tukasema, kama mama mwenyewe yuko hivyo, atatufanyia nini sisi wengine? Nimejaribu kukuambia. Nimejaribu hata uwanjani siku ya Jamhuri. Ukaniangalia vile."

Nilikuwa nimejikinga na watu hawa miezi minne. Nilifunga milango yote ili wasiingie kunicheka, na kumbe wao walikuwa wanapita dirishani na uji, wakichutama nisiwaone. Mama Bethwel huyu, ambaye nimemwandika hapa kuwa na macho ya kupekua.

Alinisindikiza hadi njiani. "Yeye kwanza alikuita," akasema. "Uchungu ukizidi. Nilimwambia unakuja."

Jumanne, 24 Desemba

Depo imefungwa. Nimefua leso mbili ambazo hazikuwa chafu.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisani tulikuwa wachache. Baada ya ibada nilimwambia Jacktone atangulie nyumbani. Hakuniuliza ninakwenda wapi.

Nilibeba sabuni, sukari, unga wa wimbi niliousaga mwenyewe, na leso mbili. Duka la Mahamud lilikuwa limefungwa, lakini alikuwa amekaa nje akipumzika. Aliponiona alisimama, akavua viatu vyake vya ndani akavivaa tena, kama mtu asiyejua la kufanya na miguu yake. Alinionyesha mlango wa nyuma. Hakusema chai iko.

Nilibisha. Nilisikia hatua zake, ninazijua. Mlango haukufunguliwa mara moja. Nikasimama na kikapu changu, nikafikiri kwamba ana haki ya kuuacha umefungwa, na kwamba nikirudi nyumbani sitakuwa nimeonewa. Nilitaka aniulize kwanza jambo lolote, hata jina la mwanamume ningemwambia silitaki tena. Nilisema tu, "Ni mimi. Nimechelewa."

Akafungua. Amekonda. Alitazama kikapu kabla hajanitazama. "Umebeba unga," akasema.

"Wa wimbi."

"Ule mwingine umeisha jana."

Akanipisha. Hori la baba yake lilikuwa kando ya cherehani, na mtoto ndani yake amelala ngumi juu, na nywele nyingi kweli. Sahra alinipa kiti akatoka. Nikamwomba Maximilla ruhusa ya kumchukua. Yeye, aliyewahi kuniomba ruhusa hata ya kufungua dirisha, akafikiri kidogo, kisha akasema nikae vizuri kwanza. Nilikaa vizuri. Nikamchukua. Nililia, na leso niliyoileta kwa ajili ya mtoto nikaitumia mimi.

Baadaye alisema, "Mama, sitakuambia jina lake."

Nikasema uji nitaupika mzito au mwepesi?

Jumapili, 29 Desemba

Pasta amekumbusha kuhusu madaftari. Hili silipeleki. Nitamwandikia karatasi moja ya masomo, na akitaka zaidi atauliza, maana inaonekana yeye na mimi tuna mengi ya kuulizana.

Watoto waliobaki mjini ni tisa. Jepchirchir yumo, kwao ni hapa hapa. Tuliketi nje juani. Nikawaambia kuna swali lilibaki.

"Ile ya mama yake Maria?" akasema kwa haraka.

"Nimetafuta. Biblia haisemi. Lakini mimi nafikiri alikuja."

"Lini?"

"Alichelewa."

"Siku ngapi?"

"Saba."

Akahesabu kwa vidole, kutoka Jumatano mpaka Jumatano. Alipomaliza alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea polepole.

"Na Maria akamfungulia?"

"Alimfungulia," nikasema.